Madaktari mnaokuja kuajiriwa Nyanda za Juu Kusini: someni mkataba kabla hamjafunga mabegi

Mfawidhi wa Uyole

Wakuu habari za leo. Watarajali (madaktari walio mazoezini baada ya chuo) wanamaliza na inboksi yangu imeanza kujaa picha za mikataba, wengine wananitumia ukurasa mmoja tu ule wenye mshahara na mahali pa kusaini alafu swali ni "dokta hii hela nzuri?". Sasa mi nitajuaje kama ni nzuri wakati sijaona unaifanyia kazi saa ngapi, zamu za kuitwa ni ngapi kwa mwezi, nyumba ipo au haipo na ukiondoka unalipa nini.

Niseme mapema, huu uzi ni kwa ajili ya hospitali binafsi na za misheni, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na kule Rungwe na Kyela. Ukiajiriwa serikalini hata ukapangiwa hospitali teule ya kanisa wewe ni mtumishi wa umma, una sheria yako na PSSSF yako (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), hayo tuyaache. Hawa wengine wote wanasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pamoja na kanuni zake. Ina marekebisho ya 2025 kwahiyo ukienda kuisoma tafuta nakala mpya, usisome ile PDF inayozunguka kwenye magrupu tangu tukiwa chuo.

Mi nimesaini mikataba ya hivi na sasa hivi ndo naiandaa mimi kwa wenzangu, kwahiyo naongea nikiwa pande zote mbili za meza. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi jina, umri, anwani na jinsia yako, mahali ulipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa na marupurupu yote hata yale yasiyo pesa taslimu kama nyumba. Kama kuna kitu hukielewi anatakiwa akueleweshe, na kikibadilika kitu akae na wewe mrekebishe na akupe kwa maandishi. Ile "mengine tutaelewana ukifika dokta" haimo humo.

Kitu cha kwanza naangalia mi sio mshahara. Naangalia mahali ulipoajiriwa. Hapo wengi wanaruka kabisa wanaona ni kama kujaza fomu. Ajira ikikoma mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri anatakiwa akurudishe na mizigo yako mpaka pale ulipoajiriwa au akupe hela ya usafiri, na kama anachelewesha kukusafirisha akupe ya kujikimu kipindi unachosubiri. Sasa wewe umetoka Mwanza na familia, unaenda kufanya kazi Makete, ila usaili ulifanyikia Mbeya mjini alafu mkataba unasomeka "mahali pa kuajiriwa: Mbeya". Siku mkiachana unalipiwa Makete hadi Mbeya. Kutoka hapo hadi Mwanza na friji, kitanda na watoto ni juu yako. Andikisha Mwanza kabla hujasaini, kalamu ikishapita hapo kubishana ni kazi.

Daktari Kijana

Shikamoo dokta. Mi ndo mmoja wa waliokutumia ukurasa mmoja 😂 nisamehe. Nimepewa mkataba na hospitali moja ya huku Nyanda za Juu, mshahara wameandika jumla 1,500,000 ila ndani wamegawa, msingi laki saba na posho laki nane. HR (afisa rasilimali watu) anasema ni kwa ajili ya kunipunguzia makato ya bodi ya mikopo. Hii ni sawa?

Mfawidhi wa Uyole

Marahaba dogo. Bodi ya mikopo ni kweli wanakata 15% ya mshahara wa msingi kwahiyo msingi ukiwa mdogo makato yanapungua, hapo hajakudanganya. Ila deni halijapungua, umelisogeza mbele tu. Alichoacha kukwambia ni kwamba vitu karibu vyote vya sheria vinapigiwa kwenye msingi.

Tuhesabu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, siku 6. Kupata malipo ya saa moja unachukua mshahara wa msingi wa mwezi unagawa kwa 4.333 (wastani wa wiki kwa mwezi) mara 45, yani kama saa 195. Msingi ukiwa 1,500,000 saa moja yako ni shilingi 7,692. Muda wa ziada ni mara moja na nusu, inakuja 11,538. Msingi ukiwa 700,000 saa moja ni 3,590 na muda wa ziada 5,385. Kazi ileile, CS (upasuaji wa kujifungua) ileile ya saa tisa usiku, mjamzito yuleyule.

Kiinua mgongo cha kisheria nacho hivyohivyo, ni angalau siku saba za msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kwa msingi wa milioni na nusu ukigawa kwa siku 26 za kazi za mwezi mara saba ni laki nne na ushee kwa mwaka. Kwa laki saba ni kama laki na themanini na nane elfu. Waambie wapandishe msingi hata kama jumla inabaki palepale, kuna hospitali zinakubali bila neno maana kwao leo hela inayotoka ni ileile.

Kamwene

Kamweneee wakuu. Na zamu za usiku mbona dokta hujazigusa, huku kwetu Njombe baridi inakuchapa saa nane unatembea kutoka nyumbani hadi wodini na tochi ya simu alafu mwisho wa mwezi unaambiwa "zamu imo ndani ya mshahara".

Mfawidhi wa Uyole

Hapo ndo penyewe, nilikuwa napasubiri.

Sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na nyongeza yake ni 5% ya malipo ya saa kwa kila saa uliyofanya. Ikiwa hizo saa tayari ni za ziada basi 5% inapigwa kwenye bei ya ziada. Piga kwa yule wa milioni na nusu, usiku mzima wa saa kumi, tukizipigia zote bei ya kawaida, ni nyongeza ya 3,846. Hela ya chipsi mayai na soda. Ndo maana nawaambia watu msijifiche nyuma ya sheria kwenye suala la zamu, sheria imeweka sakafu tu na sakafu yenyewe iko chini sana, posho ya zamu mnapatana nyie wenyewe na mnaiandika.

Na kuiandika sio "daktari atashiriki zamu kadri itakavyohitajika". Hiyo sentensi iko kwenye mikataba mingi kuliko hata jina la hospitali. Kadri itakavyohitajika na nani? Mkiwa madaktari watatu mmoja akienda kusoma, mmoja akajifungua, umebaki wewe. Mi siku hizi naandika hivi kwenye mikataba ninayoandaa: "Daktari atakuwa kwenye zamu zisizozidi usiku nane kwa mwezi. Zamu ya kukaa ndani ya hospitali italipwa shilingi kadhaa, zamu ya kuitwa kutoka nyumbani italipwa shilingi kadhaa na kila atakapoitwa saa hizo zitahesabiwa kuwa za kazi. Zamu ya tisa na kuendelea italipwa mara mbili. Asubuhi baada ya zamu ya ndani daktari hatapangiwa kliniki." Bodi ya hospitali walinuna kidogo kwenye hiyo ya asubuhi, nikawauliza nani kati yenu anataka kupasuliwa na mtu ambaye hajalala tangu jana. Ikapita.

Muda wa ziada wenyewe hauwezi kulazimishwa bila makubaliano, na ukomo wake ni saa 50 ndani ya mzunguko wa wiki nne, na siku nzima pamoja na ziada isizidi saa 12.

Wakili wa Soweto

Nimpe nyongeza dokta hapo. Kuna mawili ya kuangalia. Kwanza ule ukomo wa saa haukubani kwenye dharura ambayo haiwezi kusubiri saa za kawaida, na hospitali dharura haziishi, kwahiyo usitegemee ukomo peke yake. Pili, na hii inawapiga sana vijana, sehemu hiyo yote ya saa za kazi haimhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Sasa unakuta MD (daktari wa shahada ya kwanza) ana miezi miwili tangu apate leseni anapewa cheo cha "Mganga Mfawidhi", yani msimamizi, kwenye kituo chenye watu tisa, anafurahi anapiga picha na kitambulisho anaweka stetasi, kumbe wakibishana kesho muda wa ziada mwajiri ana hoja kwamba huyu ni meneja. Ukipewa cheo omba posho ya madaraka inayofidia hilo, au maelezo ya kazi yaseme wazi kwamba wewe ni daktari wa wodi unayesaidia uratibu.

Mjukuu wa Tukuyu

Sasa mbona mnatutisha, si bora tubaki kulima ndizi na viazi 😂😂 Mfawidhi mwenyewe kumbe hana muda wa ziada

Mfawidhi wa Uyole

Sina, ndo maana niko humu saa hizi naandika bure 😅

Daktari Kijana

Dokta mkataba wenyewe ni wa miezi mitatu, wanasema ni wa majaribio wakiniona nafaa wananiongezea mingine mitatu. Na notisi imeandikwa mimi nitoe miezi mitatu wao watatoa siku 28.

Wakili wa Soweto

Dogo hapo wamekuchanganyia mambo mawili. Majaribio ni kipindi ndani ya mkataba, sio mkataba unaojitegemea. Unaweza ukawa na mkataba wa miaka miwili na miezi sita ya kwanza ikawa ya majaribio, hiyo kawaida kabisa. Mkataba wa muda maalumu kwa mtaalamu kama daktari, kanuni za 2017 zinasema usiwe chini ya miezi 12. Hii ya mitatu mitatu inawapa nafasi ya kukuacha kabla hujafikisha miezi sita kazini, maana kabla ya hapo kinga ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu bado.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni angalau siku 28. Mnaweza kupatana ndefu zaidi, na kwa daktari miezi miwili mitatu inaeleweka maana kumpata mwingine huku sio kama kununua nyanya Mwanjelwa. Ila ikiwa ndefu lazima ilingane pande zote. Wewe mitatu wao 28 haikubaliki, waandike mitatu kwa mitatu au 28 kwa 28.

HR Mafinga

Jamani tupeni na sisi nafasi, mnatusema kama vile tunakaa ofisini kupanga njama. Mi ni HR wa hospitali ndogo, wamiliki wengi wananakili mkataba wa mlinzi wanabadilisha jina la kazi wanasema huo wa daktari, alafu mimi ndo natakiwa niutetee. Swali langu, daktari wetu akienda likizo ya mwezi tunaleta wa lokamu (wa kushikilia kwa muda), huyo naye nimpe mkataba wa mwaka?

Na lingine, mhasibu anataka madaktari wote tuwaandike "mshauri" tuwakate 5% tu ya kodi ya zuio tusihangaike na michango ya pensheni ya NSSF. Mnasemaje.

Mfawidhi wa Uyole

Dada pole, na uko sahihi kuhusu mkataba wa mlinzi, mi nimewahi kuona wa daktari una kipengele cha kurudisha buti na koti la mvua mwisho wa ajira.

Huyo wa lokamu muandikie mkataba wa kazi maalumu, kwamba anakuja kuziba nafasi ya fulani aliye likizo kuanzia tarehe hii hadi hii, malipo kwa siku au kwa zamu ni haya, analala wapi. Ukurasa mmoja unatosha. Usisahau nakala ya leseni yake hai kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, ibaki kwenye faili kabla hajagusa mgonjwa, na kama ni mtumishi wa serikali muombe kibali cha mwajiri wake.

Hilo la ushauri mwambie mhasibu hapana. Mtu anakuja kila siku saa moja na nusu, unampangia ratiba, anatumia vifaa vyako, anaomba ruhusa kwako akitaka kwenda msibani, huyo ni mwajiriwa hata umuite balozi. NSSF ni 20% na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10%, nyingine ya mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake, na daktari ni mtu anayejichoma sindano kazini, sasa akiumia na hayuko kwenye daftari lako nani atamtibu? Bingwa anayekuja Jumamosi moja moja kufanya kliniki na ana vituo vyake vingine, huyo sawa andika ushauri.

Kamwene

Mi walinikata hela ya probu ya ultrasaundi. Ilianguka usiku tukiwa na mama anavuja damu, waya ulikuwa umepita kwenye mguu wa kitanda, nesi akavuta kitanda. Mwisho wa mwezi nakuta laki sita haipo, sijaitwa, sijaandikiwa, nauliza naambiwa "uliikuta nzima". Hospitali siitaji.

Wakili wa Soweto

Pole kaka. Kukata hela ya uharibifu kuna masharti: uwe umekubali kwa maandishi kukatwa, uharibifu uwe umetokea kazini na kwa kosa lako, wakueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na walivyokipata, wakupe nafasi ya kupinga, wasikate zaidi ya hasara halisi, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wako. Hapo hata hatua moja naona haikufuatwa. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu uanze, wa kuachishwa ni siku 30. Mbeya na Iringa zote zina ofisi ya CMA. Watu wanakaa wanalalamika kwenye magrupu mpaka siku zinaisha alafu wanakuja ofisini kwangu na skrinishoti.

Na mkataba ukiwa na sentensi ya "daktari atawajibika kwa upotevu au uharibifu wowote wa vifaa", piga mstari "wowote", andika "uliosababishwa na uzembe wake uliothibitishwa baada ya kusikilizwa".

Daktari wa Kike Iringa

Naomba kuuliza kuhusu bondi. Hospitali inataka kunisomesha MMed (shahada ya ubingwa), wanalipa ada na wananipa nusu mshahara kwa miaka mitatu. Nikirudi nifanye kazi miaka minne, nikiondoka kabla nirudishe "gharama zote". Nina hamu ya kusoma ila hiyo "gharama zote" inanikosesha usingizi.

Mfawidhi wa Uyole

Dada bondi sio kitu kibaya, hospitali ya wilayani bila hiyo haipati bingwa milele. Ila huo wa kwako haujakamilika. Dai mambo haya kwenye maandishi. Kiasi kiwe kimetajwa kwa tarakimu na orodha yake ikae nyuma kama kiambatisho, ada kiasi gani, utafiti kiasi gani, na hiyo nusu mshahara kama inaingia deni au haiingii. Alafu deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi. Mfano jumla ni milioni 24 na bondi ni miaka minne, kila mwezi ukifanya kazi inafutika laki tano. Ukiondoka baada ya miaka mitatu unadaiwa milioni 6. Kwa maneno ya "gharama zote" yalivyo sasa, ukibakiza mwezi mmoja wanaweza kusimama na milioni 24 nzima.

Andika pia kinachotokea wao wakikuvunjia ahadi. Unarudi bingwa wa magonjwa ya wanawake unakuta mshahara bado wa MD, au chumba cha upasuaji kimefungwa, au wanakupunguza kwa kukosa wagonjwa. Katika hali hizo bondi inakufa. Na mshahara wa bingwa utajwe leo, hata kama ni "usiopungua" kiasi fulani, usikubali "kulingana na uwezo wa hospitali kwa wakati huo".

Mi nikiandaa bondi naweka pia kifo na ugonjwa, maana mjane kudaiwa ada ya marehemu nimeshaiona na sio jambo la kuongelea hapa.

Daktari wa Kike Iringa

Asante sana dokta. Uzazi je? Nikijifungua katikati ya bondi?

Wakili wa Soweto

Likizo ya uzazi siku 84 kwa malipo, 100 ukipata zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Bado uko kwenye ajira, kwahiyo bondi iandikwe kwamba miezi hiyo inahesabika, na ya ugonjwa pia, ambayo ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili nusu ya pili nusu mshahara. Ya mwaka siku 28. Usipoandika watakuja kusema bondi ilisimama.

HR Mafinga

Mfawidhi nimechukua hiyo sentensi ya zamu naipeleka kwa mwenye hospitali. Kuna kingine cha kuweka?

Mfawidhi wa Uyole

Weka nani analipa wakili na fidia mgonjwa akishtaki kwa kazi iliyofanyika kwa niaba ya hospitali, mikataba mingi ya huku iko kimya kabisa hapo. Weka nani analipia kuhuisha leseni na siku ngapi kwa mwaka za kwenda mafunzo ya pointi za kuhuishia leseni. Nyumba ya hospitali, akiacha kazi ana siku ngapi za kuhama, mi naweka 30. Marufuku ya kamisheni ya vipimo (kulipana kwa kuagizia wagonjwa vipimo), kwa pande zote mbili, maana kuna wamiliki ndo wanaoidai. Picha na taarifa za wagonjwa kwenye WhatsApp, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kipengele kifupi kinatosha.

Ila kile cha "hataruhusiwa kufanya kazi hospitali yoyote ndani ya mkoa kwa miaka miwili baada ya kuondoka" kitoe. Daktari mwenye nyumba Uyole na mke mwalimu Igawilo unamwambia aende wapi, Sumbawanga? Kama unaogopa atabeba wagonjwa, andika asiwashawishi wakufuate anakohamia, inatosha.

Daktari Kijana

Wakuu mrejesho. Nimewapelekea barua nzuri tu, bila ugomvi. Mkataba wamekubali kuufanya miaka miwili, majaribio miezi sita, notisi siku 28 kwa 28. Mahali pa kuajiriwa wameandika Shinyanga kama nilivyoomba. Msingi wamepandisha hadi milioni moja na laki moja, zaidi ya hapo wamegoma. Zamu wamekataa kutaja idadi, wanasema wataweka kwenye "sera ya hospitali" ambayo bado haijaandikwa. Nimepewa hadi Jumatatu.

Wakili wa Soweto

Sera ambayo haipo huwezi kuisaini.

Mfawidhi wa Uyole

Umefanya vizuri sana dogo, hiyo ya msingi nisingeing'ang'ania zaidi. Kwenye zamu waombe waongeze mstari mmoja tu: "Mpaka sera ya zamu itakapotolewa na kusainiwa na pande zote mbili, zamu hazitazidi nane kwa mwezi." Hapo hujawakatalia sera yao na wao watakuwa na haraka ya kuiandika. Wakikubali sainini nakala mbili, kila ukurasa muweke herufi zenu, moja ondoka nayo siku hiyohiyo usikubali "tutakutumia". Wakikataa nitumie namba inboksi, kuna kituo Tukuyu wanatafuta MD na wa kwao niliuandaa mimi.

Mjukuu wa Tukuyu

Kumbe uzi wote ulikuwa tangazo la ajira 😂 ndaga dokta